Kurudi kwa jua: je, nyota zinaweza kuchagua siku ya kubadilisha kazi?

Mtu mwenye anataka kuacha kazi, kutia saini ku mkataba mpya ao kufungua biashara yake, anatafuta siku nzuri. Wengine wanauliza wazee, wengine wanaomba ku kanisa ao ku msikiti. Kuko pia wenye wanauliza nyota. Kupitia simu, wanajimu wa inchi mbalimbali wanauza ramani ya mwaka yenye inamwambia mtu mwezi gani aombe cheo na mwezi gani akae kimya. Ile ramani, kwa Kifaransa wanaiita révolution solaire, ni kusema kurudi kwa jua. Hapa chini ni namna inavyotengenezwa, pahali ilitoka, na mambo ya kujua mbele ya kulipa pesa ao kuandika barua ya kuacha kazi.

Ni kitu gani

Siku mtu anazaliwa, jua, mwezi na sayari zinakuwa kila moja pahali pake mbinguni. Mnajimu anaandika zile pahali ku duara ya digrii 360. Hiyo ndiyo ramani ya kuzaliwa. Kila mwaka, karibu na tarehe ya kuzaliwa, jua linarudi ku digrii ileile. Mnajimu anachora ramani ya pili ya ile saa kamili, na anasema kama inatawala miezi 12 yenye kufuata.

Ile saa haiko sawa kila mwaka. Mwaka wa jua ni siku 365, saa 5 na dakika karibu 49. Tuseme mtoto alizaliwa Bukavu tarehe 14 mwezi wa tatu 1996, saa tatu kamili ya asubui. Mwaka 1997, jua lilirudi pahali pake tarehe ileile, karibu saa tisa ya mchana. Mwaka 1998, ilikuwa karibu saa tatu ya usiku. Mwaka 1999, ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 15. Mwaka 2000 ulikuwa na tarehe 29 ya mwezi wa pili, kwa hiyo saa ikarudi nyuma, ikafika asubui ya tarehe 14. Hesabu hiyo ni ya kweli, na programu za simu zinaifanya kwa sekunde chache.

Nyuma ya hesabu kunakuja maelezo. Duara inagawanywa mu nyumba 12. Nyumba ya pili ni ya pesa, ya sita ni ya kazi ya kila siku, ya kumi ni ya cheo na jina mbele ya watu. Kama Mshtarii, sayari yenye Wafaransa wanaita Jupiter, iko ku nyumba ya kumi, mnajimu anasema mwaka ni wa kupanda. Kama ni Zohali, ndiyo Saturne, anasema mwaka ni wa mzigo na uvumilivu.

Hata sayari zingine ziko na ramani zao za kurudi. Mwezi unarudi kisha siku 27 na kidogo, na wanajimu wanautumia kwa kuchagua wiki ya kupeleka maombi ya kazi. Mshtarii inarudi kisha miaka karibu 12. Zohali inarudi kisha miaka 29 na nusu, na ndiyo maana watu wenye wanakaribia miaka 30 wanaambiwa kama maisha yao ya kazi itatikisika.

Ilitoka wapi

Desturi hii ni ya zamani sana. Wanajimu wa dunia ya Kigiriki na Kiroma waliijua tangu karne za kwanza. Kisha, Abu Ma'shar, mzaliwa wa Balkh mwenye aliishi tangu 787 mpaka 886 na kufanya kazi Baghdad, aliandika kitabu kizima juu ya kurudi kwa miaka ya mtu. Kitabu hicho kilipita mu Kigiriki na Kilatini, kikafika Ulaya. Maneno ya Kiswahili falaki na unajimu nayo yalitoka ku Kiarabu.

Ufaransa, Jean-Baptiste Morin, mwenye alikufa 1656, aliendelesha ile elimu mu kitabu chake kikubwa Astrologia Gallica, chenye kilitoka 1661. Mu karne ya 20, wanajimu wamoja wa Ulaya walizidisha tena: walisema mtu anaweza kusafiri ku mji mwingine siku ya kuzaliwa kwake ili nyumba za ramani zigeuke na mwaka ukuwe mzuri. Hapo gharama inapita bei ya ramani peke yake. Inakuwa tikiti, hoteli na siku za kazi zenye zinapotea.

Shida ya saa na pahali

Ramani inahitaji saa ya kuzaliwa yenye iko sawa. Nyumba zinageuka digrii moja karibu kila dakika nne. Kukosea saa moja kunaweza kuhamisha Mshtarii kutoka nyumba ya kumi mpaka ya tisa, na shauri lote linabadilika.

Kwetu huku mashariki, kosa linaingia kwa njia nyingi. Ya kwanza ni saa yenyewe. Mama anasema «saa tatu ya asubui», mtoto anaandika 3 ku programu, na programu inachora ramani ya usiku wa manane, wakati mama alitaka kusema 9. Ya pili ni masaa ya inchi. Kinshasa na Bukavu zinaachana saa moja. Mtu mwenye anaandika «Kongo» bila kuangalia mji anaweza kupata ramani ya saa ya Kinshasa. Ya tatu ni karatasi. Watu wengi walizaliwa ku nyumba ao njiani wakati wa kukimbia vita, bila cheti chenye kuandikwa saa. Wamoja hata tarehe iliwekwa tu siku ya kuingia masomo.

Kuko pia ubishi kati ya wanajimu wenyewe. Wamoja wanachora ramani ya mwaka kwa pahali mtu alizaliwa, wengine kwa pahali anakaa leo. Mtu mwenye alizaliwa Bukavu na anakaa Kampala anaweza kupata majibu mbili tofauti kwa mwaka mumoja.

Je, inasema kweli?

Majaribio yalifanywa. Mwaka 1948, mwalimu wa saikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao. Kila mumoja aliona kama maelezo ni yake peke yake. Kwa alama 5, waliyapa 4,26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, yenye maneno ilitolewa ku kitabu cha nyota cha kuuzwa sokoni.

Mfaransa Michel Gauquelin alifanya vilevile mu miaka ya 1960. Alitangaza ramani za nyota za bure. Kati ya watu 150 wa kwanza wenye walijibu, 94 kwa 100 walisema inawaonyesha vizuri. Wote walikuwa wamepewa ramani moja, ya daktari Marcel Petiot, muuaji wa watu wengi mwenye alikatwa kichwa Paris 1946.

Mwaka 1985, jarida la elimu Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson. Wanajimu walipewa ramani ya kuzaliwa ya mtu na maelezo matatu ya tabia, wachague yenye ni yake. Walipata karibu mara moja kwa tatu, sawa na mtu mwenye anafunga macho na kuchagua. Jaribio hilo halikuwa la ramani za kurudi. Lakini ramani ya kurudi inasimama juu ya ile ya kuzaliwa. Kama msingi hauna nguvu, hata ukuta juu yake hauna.

Zohali ya watoto wa 1996

Mfano wa karibu unaonyesha shida. Wenye walizaliwa mwanzo wa 1996, Zohali yao ilirudi mu mwaka 2025. Mnajimu angewaambia mwaka huo utakuwa wa kutikisika kwa kazi. Na kweli, mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika Goma, mwezi wa pili Bukavu, mabenki ikafungwa na watu wengi wakapoteza mshahara. Lakini mwenye miaka 22 na mwenye miaka 50 waliupoteza siku moja na yule wa miaka 29. Na mwenye alizaliwa 1996 kule Lyon ao Lima, Zohali yake ilirudi vilevile, bila benki yake kufungwa.

Tena, karibu miaka 30 watu wengi wanabadilisha kazi bila nyota: masomo imeisha, watoto wamezaliwa, mkataba wa kwanza umefika mwisho. Mnajimu mwenye anasema «kutakuwa mabadiliko» ku umri ule atapata ukweli mara nyingi.

Kalenda yenye inahesabika

Mtu mwenye anafikiri kuacha kazi iko na tarehe zingine za kuangalia, zenye sheria inazijua. Sheria ya kazi ya Kongo ya 16 mwezi wa kumi 2002 inaomba kutoa taarifa mbele, ile watu wanaita preavi. Kwa mkataba usiokuwa na mwisho, patron mwenye anafukuza bila kosa kubwa la mfanyakazi anapaswa kutoa angalau siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mfanyakazi mwenye anaondoka yeye mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Kwa miaka minne, hesabu ya patron ni 14 na 28, ni kusema 42. Ya mfanyakazi ni siku 21 za kazi. Mwenye anaondoka kesho yake kwa sababu ramani ilisema kesho, anaweza kudaiwa.

Kisha kuko mkataba mpya: uko na saini ao ni ahadi ya mdomo tu? Kuko minerval ya watoto ya mwezi wa tisa, pesa ya nyumba, na akiba ya miezi ngapi. Kuko mtu mumoja wa kuuliza, mwenye tayari anafanya ile kazi mpya.

Mwenye anapenda kusoma ramani yake kama mchezo ao kama siku ya kufikiri mwaka wake, hakuna mwenye atamuzuia. Ila barua ya kuacha kazi, kwanza ipite ku ile hesabu ya siku 21.