Supu ya makongoro, kolajeni na glaisini: zinafanya nini mwilini, na mtoto wako anahitaji nini?

Umepika makongoro jioni, supu ikabaki sufuriani. Asubuhi unafunua na kukuta imeganda, ukiitikisa inatetemeka. Kile kilichoganda kinaitwa jelatini. Katika nyumba nyingi supu hii hupewa mtoto ili apate mifupa imara, na hupewa mama aliyejifungua ili arudishe nguvu. Siku hizi kuna pia unga wa kolajeni na vidonge vya glaisini vinavyouzwa madukani na kwenye simu, vikiahidi ngozi laini, viungo visivyouma na usingizi mzuri.

Ukiwa Nyakunguru au kijiji kingine chochote cha Tarime na Serengeti, makala hii itakusaidia kujua vitu hivi vinatofautianaje, vina faida gani, na kwa nini haviwezi kuchukua nafasi ya chakula cha mtoto.

Mambo muhimu kwa kifupi

- Kolajeni, jelatini na glaisini vina asili moja. Glaisini ni kipande kidogo kinachopatikana ndani ya kolajeni na jelatini.
- Mwili wenyewe hutengeneza glaisini. Mtoto anayekula vizuri hahitaji vidonge vyake.
- Supu ya mifupa au makongoro ni nzuri kama kiongezo, lakini peke yake haimkuzi mtoto.
- Mtoto wa miezi 6 na kuendelea anahitaji nyama yenyewe, samaki, dagaa, yai, maziwa na maharage.

Vitu hivi vitatu ni nini?

Kolajeni ni protini inayoshikilia mwili. Imo kwenye ngozi, mifupa, kano na gegedu, yaani ile nyama ngumu inayong'aa kwenye maungio. Miguu ya ng'ombe ina kolajeni nyingi, ndiyo maana makongoro huchemshwa kwa saa nyingi kabla ya kulainika.

Jelatini ni kolajeni iliyochemshwa. Moto na maji huifungua, ikayeyuka kwenye supu, kisha ikipoa inaganda. Unga wa kolajeni unaouzwa madukani ni jelatini iliyokatwakatwa zaidi kiwandani ili iyeyuke hata kwenye maji baridi.

Glaisini ni mojawapo ya asidi amino. Asidi amino ni kama matofali, na protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali hayo. Mwaka 1820 mwanasayansi Mfaransa Henri Braconnot alichemsha jelatini pamoja na asidi akapata chembe zenye ladha tamu. Hizo ndizo tunazoziita glaisini leo. Katika kolajeni, karibu tofali moja kati ya kila matatu ni glaisini.

Ukila kolajeni, haiendi moja kwa moja kwenye ngozi au goti lako. Tumbo na utumbo huivunja kuwa asidi amino na vipande vidogo, kisha mwili unaamua utavitumia wapi. Gramu 10 za unga wa kolajeni hukupa takribani gramu 2 za glaisini pamoja na asidi amino nyingine. Kidonge cha glaisini hukupa tofali hilo moja tu.

Je, glaisini ina faida?

Glaisini hutumika kutengeneza kolajeni mpya, damu na kinga za seli. Hata hivyo, inakadiriwa kwamba mwili wa mtu mzima hutengeneza wenyewe takribani gramu 3 kwa siku, na nyingine hutoka kwenye chakula cha kawaida.

Kuna tafiti ndogo zilizofanyika Japani kwa watu wazima waliokunywa gramu 3 za glaisini kabla ya kulala. Baadhi yao walisema walilala vizuri zaidi na hawakuamka na uchovu. Tafiti hizo hazikuhusu watoto, wajawazito wala mama wanaonyonyesha.

Glaisini nyingi inaweza kuleta kichefuchefu na tumbo kuvurugika. Mtu anayetumia dawa ya klozapini kwa ugonjwa wa akili asitumie glaisini bila kumuuliza daktari, kwa sababu inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Je, kolajeni na jelatini?

Kwa watu wazima, baadhi ya tafiti zimeonyesha nafuu kidogo kwenye maumivu ya goti na ulaini wa ngozi baada ya wiki au miezi kadhaa ya kutumia unga wa kolajeni. Nyingi za tafiti hizo zililipiwa na watengenezaji, kwa hiyo usitarajie makubwa kama yanayosemwa kwenye matangazo.

Kumbuka pia mambo haya:

- Mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara bila vitamini C. Mapera, machungwa, mapapai na mboga za majani hutoa vitamini hiyo.
- Sehemu ya kolajeni hugeuka mwilini kuwa oksaleti, ambayo inaweza kuchangia mawe kwenye figo. Aliyewahi kupata mawe ya figo aongee na daktari kabla ya kutumia unga huu.
- Jelatini hutengenezwa kutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe. Hata maganda ya vidonge vingi ni jelatini. Kama imani yako hairuhusu nguruwe, soma lebo au uliza muuzaji.

Kwa nini supu peke yake haimkuzi mtoto?

Hapa ndipo penye hatari, hasa kwa mtoto mdogo.

Ili mtoto akue, mwili wake unahitaji matofali ya aina zote. Yapo tisa ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza, lazima yatoke kwenye chakula. Jelatini haina kabisa mojawapo ya hayo tisa, linaloitwa triptofani, na mengine inayo kidogo tu. Ukimpa mtoto jelatini nyingi bila chakula kingine cha protini, ni sawa na kumletea fundi lori la matofali ya pembeni bila ya kona. Ukuta hausimami.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, maskini na wagonjwa wa Paris walipewa supu ya jelatini iliyotolewa kwenye mifupa, ikidhaniwa kwamba inatosha mahali pa nyama. Malalamiko yakawa mengi. Tume iliyoongozwa na daktari François Magendie ikafanya majaribio, na mwaka 1841 ikatoa taarifa kwamba jelatini peke yake haiwezi kumweka mnyama hai.

Sababu ya pili ni ukubwa wa tumbo. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takribani mililita 240, yaani kikombe kimoja hivi. Likijaa supu nyepesi, halina nafasi ya uji mzito, nyama wala maharage. Mtoto anaonekana ameshiba, lakini hajapata cha kumkuza.

Sababu ya tatu ni kalsiamu. Wengi hudhani supu ya mifupa ina kalsiamu nyingi. Ukweli ni kwamba kalsiamu kidogo tu hutoka kwenye mfupa na kuingia kwenye supu. Maziwa, na dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi zaidi.

Kwa hiyo angalia nyama inaishia wapi. Kama wakubwa wanakula nyama na mtoto anapewa mchuzi, mtoto amekosa sehemu iliyo bora. Itoe nyama laini ya makongoro au mnofu, itwange au ikate vipande vidogo sana, uichanganye kwenye chakula chake.

Mlishe mtoto hivi

Miezi 0 hadi 6: Maziwa ya mama peke yake. Usimpe supu, maji wala uji.

Miezi 6 hadi 23: Endelea kumnyonyesha na umpe chakula kizito. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa umri huu wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Pale ambapo hilo haliwezekani kila siku, tumia ulichonacho:

- Uji mzito wa ulezi au mtama, ukitiwa maziwa au karanga zilizosagwa laini.
- Ugali laini na maharage yaliyopondwa. Nafaka na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana.
- Dagaa wa Ziwa Victoria waliosafishwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja kwenye uji au mboga kinasaidia sana.
- Yai lililoiva vizuri.
- Mchicha, mnafu au majani ya kunde, pamoja na tunda.

Supu ya makongoro itumie kulainishia ugali au kupikia mboga, badala ya maji matupu. Usiweke chumvi nyingi.

Mjamzito na mama aliyejifungua: Supu ni sawa, maana inakupa maji na hamu ya kula, lakini ile pamoja na nyama, maharage na mboga. Usiache vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, ili ununue kolajeni. Kolajeni haifanyi kazi ya vidonge hivyo.

Tahadhari jikoni

- Usichemshe mifupa wala makongoro ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Anaweza kuwa na kimeta, na vimelea vyake vinaweza kustahimili maji yanayochemka. Usimchune, toa taarifa kwa mtaalamu wa mifugo.
- Chemsha maziwa kabla ya kumpa mtoto. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu.
- Toa vipande vyote vya mifupa kwenye chakula cha mtoto ili asikabwe.
- Supu iliyolala ichemshe tena hadi itokote kabla ya kuinywa.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mapema kama

- Haongezeki uzito kwenye kadi ya kliniki, au anapungua.
- Mkanda wa kupima mkono unaonyesha rangi ya njano au nyekundu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.
- Miguu yote miwili imevimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.
- Nywele zimebadilika rangi na kunyonyoka, au ngozi inabanduka.
- Amepoteza hamu ya kula, hachezi, amelegea.

Miguu kuvimba ni dalili ya hatari. Usisubiri kumpa supu kwanza. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kabla ya kununua unga au vidonge

Jiulize: pesa hii ingenunua mayai mangapi, au dagaa kiasi gani? Kwa mtoto, jibu hilo ndilo lenye faida zaidi. Kama ni kwako mwenyewe na bado unataka kujaribu, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na viambato, kisha mwonyeshe mhudumu wa afya kopo hilo. Usimpe mtoto kilichonunuliwa kwa ajili ya mtu mzima.