Samaki gani akae na nani? Historia fupi ya tangi la kioo

Leo naweka programu kando, ingawa sitakwenda mbali sana. Karibu na tarakilishi yangu hapa Nairobi nina tangi la kioo la lita 60. Siku nilipolinunua, muuzaji aliniuzia neoni wanane, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, pamoja na oska mmoja wa urefu wa kidole. "Wote hawa asili yao ni Amazon, watapatana," aliniambia. Kuhusu Amazon alisema kweli. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na oska mmoja mnene na neoni sufuri.

Hasira ikanituma kusoma, nikaanzia mwanzo kabisa.

Mwaka 1849, mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini, Vallisneria. Alitaka kujua kama mmea ungewapa samaki oksijeni ya kutosha, nao wakaurudishia kaboni dayoksaidi. Ilikwenda vizuri hadi majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka. Basi akaongeza konokono wa bwawani. Konokono wakala uozo, wakataga mayai, na samaki wakala mayai. Bila pampu, bila umeme! Ona alivyochagua: hakuuliza nani ni mrembo, aliuliza nani anakula nini cha nani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake The Aquarium. Uingereza yote ikapagawa na matangi.

Lakini tatizo letu la leo lililetwa na karne ya 20. Hita ya umeme iliwezesha kufuga samaki wa joto katika nchi za baridi, kisha ndege zikawasafirisha kutoka kila pembe. Neoni alipewa jina la kisayansi mwaka 1936. Miaka ya 1960 wakaanza kusafirishwa mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, na wale wa Tanganyika nao wakafuata. Samaki ambao mababu zao hawakuwahi kuonja maji ya wenzao sasa walikutana ndani ya kioo kimoja.

Na maji si maji tu. Tanganyika ina pH karibu 9, wakati neoni huko kwao huishi katika maji yaliyo chini ya 7. Wanahesabu mnajua kwamba kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 6 hadi 9 ni mara elfu moja. Muuzaji akikwambia samaki "atazoea", muulize atazoea mara ngapi.

Halafu kuna ugomvi. Dume la mbuna hulinda jiwe lake kama askari wa benki. Ukiweka mbuna wawili peke yao, mnyonge hupigwa hadi afe. Wafugaji waligundua dawa ya ajabu: weka wengi, majike wengi kwa dume mmoja, ili kipigo kisimwangukie mmoja. Sisi tungesema wanagawa mzigo kwenye seva kadhaa.

Kosa la muuzaji wangu lilishawahi kufanywa katika tangi la kilomita za mraba 68,800. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani. Maofisa wa enzi za ukoloni waliwaona kama takataka zenye miiba, wakafikiri heri waliwe na samaki mkubwa anayeuzika. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara, ambaye Kisumu tunamwita mbuta, akatiwa ziwani. Anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote, na watafiti wakakadiria kwamba aina kama 200 za furu zimetoweka. Sitamlaumu mbuta peke yake, maana maji nayo yalichafuka. Na sitadanganya kwamba hakuleta pesa: viwanda vya minofu viliajiri watu wengi, na mimi mwenyewe nimemla sana. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kurudi. Lakini wapo wengine ambao leo wanaishi tu katika matangi ya kioo, Ulaya na Marekani, vizazi kwa vizazi, bila kuliona ziwa.

Oska wangu nilimpa jirani mwenye tangi kubwa. Yuko peke yake mle, ana sentimita 28, na bado anakula kila kinachoingia mdomoni. Mimi nina gapi sita na konokono wanne.