Kumbukumbu Bila Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana shaka walikuwa wakimuasa mfanyabiashara, lakini usemi wao unaifaa picha kuliko unavyolifaa gunia la karafuu. Gunia likipotea, mwenyewe ataliulizia. Picha ikipoteza jina la aliyemo ndani yake, hapana wa kuuliza, maana yenyewe ingali ipo: uso unaonekana, kanzu inaonekana, baraza inaonekana, na hakuna ajuaye huyu ni nani. Historia ya watu wa kawaida kupiga picha za maisha yao, kuzibandika vitabuni na kuwagawia wenzao, ni historia ya sura kuzidi kuwa nyingi na majina kuzidi kuwa machache.

Kazi ya kukata na kubandika ni kongwe kuliko kamera ya mkononi. Katika karne ya 19, magazeti na michoro ya rangi ilipokuwa rahisi kununulika Ulaya na Marekani, watu wengi walijiwekea madaftari ambamo walibandika habari, mashairi, kadi na vipambo vya karatasi. Mapenzi haya yalienea hata mwandishi Mark Twain, mwaka 1873, akasajili uvumbuzi wake wa daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Mwenye nalo alilowesha tu mstari wa gundi, akabandika, basi.

Kwa wengi huo ulikuwa mchezo wa jioni. Kwa wengine ulikuwa ushahidi. William Henry Dorsey, Mmarekani Mweusi wa mji wa Philadelphia, alizaliwa mwaka 1837. Baba yake aliutoroka utumwa akaja kutajirika kwa kazi ya kuandaa karamu. Dorsey alitumia miaka mingi kukata vipande vya magazeti, akajaza madaftari yanayokaribia 400, na sehemu kubwa ya aliyoyakusanya ilihusu maisha ya watu Weusi. Magazeti mengi aliyoyakata hayakuandikwa na watu wake wala kwa ajili yao; pengine yaliwataja kwa mistari miwili mitatu chini ya ukurasa. Lakini mistari mitatu ikiwekwa kando ya mingine mitatu, na mingine, mwaka baada ya mwaka, hugeuka kuwa habari ya jamii nzima. Dorsey alifariki mwaka 1923. Madaftari yake yalikaa yamesahauliwa hadi mwaka 1976, yalipogunduliwa katika chuo cha Cheyney, Pennsylvania, na mwaka 1991 mwanahistoria Roger Lane akatoa kitabu kilichojengwa juu yake. Mtu aliyeshika mkasi tu alikuwa amewaandalia kazi waliokuja kushika kalamu.

Picha nazo ziliingia katika madaftari hayo mapema. Mwaka 1854 Mfaransa Disdéri alisajili njia ya kupiga picha ndogo ndogo kadhaa juu ya kioo kimoja, na bei ya picha ikashuka. Watu wakawa wanagawiana sura zao kama wanavyogawiana kadi za salamu, na albamu zikatengenezwa zenye vijifuko vya kuzitia. Uingereza, wanawake wa tabaka la juu, miongoni mwao Lady Filmer, waliona vijifuko havitoshi. Walizikata picha kwa mkasi, wakazibandika juu ya michoro waliyoipaka rangi kwa mikono yao, wakamkalisha mgeni wao katika sebule ambayo pengine hakuwahi kuikanyaga. Kazi hizo zilihesabiwa upuuzi wa wanawake kwa zaidi ya karne, mpaka makumbusho ya sanaa ya Chicago yalipoziandalia maonyesho mwaka 2009.

Wapiga picha wa kujifurahisha nao walitafutana. London walikuwa na klabu yao ya kubadilishana picha katika miaka ya 1850, na Marekani ikaundwa nyingine mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Wanachama wake walikaa miji mbalimbali, wakatumiana picha kwa posta. Jambo la kuzingatia ni mgongo wa picha hizo. Nyuma ya kadi paliandikwa ni picha ya nini, nani kaipiga na kwa njia gani. Mgeni aliyepokea bahasha alipata sura na maelezo yake pamoja, kiasi kwamba hata leo, wote wakiwa wamekwisha kufa, kadi inaweza kujieleza.

Mwaka 1888 George Eastman alitoa kamera ya Kodak, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Filamu ikijaa, mteja aliirudisha kamera yenyewe kiwandani Rochester, ikasafishwa picha na kutiwa filamu mpya. Bei yake, dola 25, haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1900 ikaja Brownie kwa dola moja, na hapo hata mtoto akawa mpiga picha. Kabla ya hapo mtu alipigwa picha akiwa amesimama wima mbele ya pazia, kavaa nguo zake bora. Baada ya hapo alipigwa akicheka, akifua, akilala mchana. Maisha ya kila siku yakapata albamu. Lakini mambo mengi yakiandikwa haraka huandikwa vibaya: aliyepiga alimjua aliyepigwa, akaona hapana haja ya kutaja jina.

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika historia hii, ila iliingizwa kwa mlango wa nyuma. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya 19, na jina la Mgoa A. C. Gomes limesalia katika kadi nyingi za posta za zama hizo. Kadi hizo zilinunuliwa na mabaharia, maofisa na wasafiri, wakazituma makwao, zikabandikwa katika albamu za watu wengine. Leo chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyo wa Humphrey Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za baina ya mwaka 1860 na 1960, na nyingi zilitoka katika albamu za namna hiyo. Ni hazina kubwa, na imetunzwa vyema. Hata hivyo katika albamu za zama zile desturi ilikuwa moja: Mzungu aliandikwa jina lake na cheo chake, mwenyeji akaandikwa kabila lake au kazi yake. Yule ni Bwana fulani. Huyu ni mchukuzi. Mwanamke aliyejitia wanja, akavaa kanga yake mpya na kusimama mbele ya kamera kwa fahari, akasafiri bahari mbili na kufika akiwa "mwanamke wa Kiswahili". Hakuna aliyemwibia sura. Aliibiwa jina.

Upande mwingine wa kamera ulikuwepo pia. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja, na vizazi kadhaa vya wenyeji vilikwenda kupigwa picha hapo kwa hiari na kwa pesa zao. Hizo zilirudi majumbani, zikatiwa katika fremu na albamu, na daftari lake lilikuwa kinywa cha bibi: huyu ni mjomba wako, huyu alikuwa somo yangu, huyu alikufa maji. Daftari la kinywa ni zuri maadamu bibi yu hai.

Huko Marekani sanaa ya kubandika ilipata uhai mpya kutoka Utah, penye Wamormoni, ambao dini yao inawahimiza kutunza nasaba. Mwaka 1980, katika mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City, Marielen Christensen na familia yake walionyesha albamu zaidi ya 50 za nyumbani kwao. Albamu za kunata zilizouzwa kwa wingi katika miaka ya 1970 zilikuwa zikizila picha taratibu kwa kemikali za gundi yake. Wao walitafuta karatasi zisizo na asidi. Pamoja na hilo walihimiza kitu rahisi zaidi: kuandika kando ya picha ni nani, ni lini, na kulikuwa na nini. Punde kukawa na maduka, makampuni na magenge ya wanawake wanaokutana meza moja kukata, kubandika na kuzungumza. Biashara ilipokolea, maua na riboni vilikaribia kuufunika uso wenyewe. Lakini chini ya riboni, mara nyingi, palikuwa na sentensi ya maelezo.

Kisha mkasi ukaingia ndani ya kompyuta. Mhandisi Steven Sasson wa Kodak alikuwa ameunda kamera ya kidijitali tangu mwaka 1975, chombo cha kilo 3.6 kilichotumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja katika kanda. Mwaka 1997 Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu, akawatumia jamaa na marafiki picha ya binti yake aliyezaliwa siku hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa kubandika walikuwa wakitengeneza kurasa zisizo na karatasi. Ua, kamba na kifungo vilikuwa picha tupu, zikapangwa tabaka juu ya tabaka. Kosa lilifutika, na picha asili haikuguswa na mkasi. Walioneshana kurasa hizo na watu wasiowahi kuonana nao, wakaelezana walivyozifanya, kama wale wa mwaka 1861 na migongo ya kadi zao. Wengine walijipa sharti la kupiga picha moja kila siku kwa mwaka mzima, wakajifunza kukitazama kikombe, kiatu cha mtoto, mwanga wa asubuhi ukutani.

Hata hivyo kuna tofauti moja nzito. Picha iliyotumwa kwa posta ilikaa katika nyumba ya aliyeipokea, kwa hiyo kila aliyegawa alikuwa anahifadhi. Picha iliyowekwa mahali pamoja ili waione watu elfu inabaki mahali pamoja. Oktoba 2009 Yahoo! iliifunga GeoCities nchini Marekani, na kurasa za watu wengi zilisalimika kwa juhudi za waliojitolea kuzinakili. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizowekwa kwake zaidi ya miaka mitatu kabla zilikuwa zimepotea. Jambo lililohofiwa kwa mchwa na unyevu limefanywa na hitilafu ya mashine.

Leo arusi moja Unguja huacha picha mia tano katika simu thelathini, na kila picha jina lake ni nambari. Wanaozituma wanamjua kila aliyemo, kama alivyomjua mwenziwe yule mwenye Brownie, na kwa sababu hiyo hawaandiki. Miaka sitini ijayo mjukuu atamwona bibi mmoja amekaa mkekani, kashika sinia, anacheka. Kujua alikuwa nani kutategemea kama leo kuna mtu atakayechapisha picha moja tu kati ya mia tano, akaigeuza, akachukua kalamu.