Kiharusi: mazoezi tiba baada ya kutoka wodini

Mgonjwa wa kiharusi akisharuhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi huambiwa ahudhurie kliniki ya mazoezi tiba, ambayo wengine huiita fiziotherapia. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Nauli ni kubwa, gari ni moja kwa siku, na kwa kuwa hakuna sindano wala vidonge, watu huona si matibabu. Ni matibabu.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mwili wa kulia, na wa kulia huongoza wa kushoto, ndiyo maana mtu hupooza upande mmoja. Mkono wenyewe haujafa. Sehemu za ubongo zilizobaki zinaweza kujifunza kuuongoza upya, nazo hujifunza kwa kurudia tendo lilelile mara nyingi. Nafuu kubwa zaidi huja katika miezi 3 ya kwanza, kisha huendelea polepole. Kwa hiyo ile kauli ya "tusubiri apate nguvu kwanza" inamchelewesha mgonjwa.

Siku moja ya kliniki kwa wiki haitoshi. Kazi kubwa iko nyumbani. Mwombeni mtaalamu mumrekodi kwa simu anapomwelekeza mgonjwa, ili hata mjukuu aweze kumsimamia bibi yake. Kama hamwezi kufika kila wiki, mwambieni wazi, awapangie mazoezi ya muda mrefu zaidi.

Mazoezi mengi ni ya kawaida kabisa: kuinuka kwenye kiti na kukaa tena, huku mtu amesimama upande uliolegea, kuchambua maharage kwenye sinia kwa mkono ule ule dhaifu, kama vidole vimeanza kushika. Fimbo hushikwa kwa mkono wenye nguvu. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie; kushuka, utangulie ule dhaifu. Shati livalishwe mkono dhaifu kwanza.

Tunasisitiza jambo moja, kwa sababu hufanywa kwa nia njema: msimnyanyue mgonjwa kwa kuvuta mkono uliopooza. Misuli ya bega imelegea, na bega huweza kuteguka na kumtesa kwa miezi. Akikaa, mkono uegemezwe kwenye mto. Kuchua kwa nguvu nako kunaumiza, na kukanda kwa maji ya moto kunaweza kumbabua bila yeye kusikia chochote.

Dawa za presha zisiachwe eti kwa kuwa ameanza kutembea. Mdomo ukipinda ghafla, maneno yakivurugika au mkono ukiishiwa nguvu upya, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki.