Nyumba za Wafanya Kazi wa Nairobi

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, hapakuwa na mji. Palikuwa na kinamasi, na Wamasai wakinywesha ng'ombe wao hapo. Mji ulizuka upesi, na kila mji huhitaji mikono ya kuujenga. Mikono ilipatikana. Lakini wenye mikono hiyo walale wapi?

Watawala wa siku zile walimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini. Walidai kwamba kwao hasa ni shambani, ambako mkewe hulima na kulea watoto. Kwa hiyo mshahara wake ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja, na makao yake yakawa nafasi ya kitanda tu. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, wala hakuitwa mwenyeji hata alipozeekea kazini.

Wenye reli waliwajengea watu wao vyumba Muthurwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, viwanja viligawanywa Pumwani, na watu wakajijengea nyumba za udongo, wakapangisha vyumba. Mahali pa kambi ya wapagazi wa vita, yaani Kariokor, yalijengwa mabweni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha Pangani kilibomolewa, na wengi wa watu wake wakahamia Shauri Moyo.

Katika miaka ya 1940 ulijengwa mtaa wa Kaloleni, wenye bustani na ukumbi, kwa ajili ya watu wenye jamaa zao. Ulikuwa mwema, lakini haukutosha. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilishauri kwamba mshahara umtoshe mtu pamoja na mkewe na watoto. Ndipo ilipokubaliwa kwamba yule mgeni ni mwenyeji. Lakini deni la miaka hamsini halilipwi kwa siku moja.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 watu walimiminika mjini. Hesabu ya mwaka 1969 ilipata watu 509,286. Ya mwaka 2019, watu 4,397,073. Wasiopata nyumba walijijengea vibanda Mathare na Kibera.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ifaayo. Basi, msomaji, uonapo vibanda hivyo, usiseme haraka kwamba wenyewe ni wavivu. Kumbuka kwamba mji huu ulianza kwa kuwaita watu kazini bila kuwawekea mahali pa kulala.