Timbo la Bamburi: Machimbo ya Chokaa Yaliyogeuka Makazi ya Wanyamapori

Kilomita zipatazo 10 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, pembezoni mwa barabara iendayo Malindi, lipo bonde lenye msitu, mabwawa na wanyamapori ambalo wageni wengi hudhani liliumbwa hivyo. Bonde hilo ni timbo, yaani shimo lililobaki baada ya kuchimbwa mawe ya chokaa kwa ajili ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Sehemu yake iliyo wazi kwa umma inafahamika kwa jina la Haller Park, na hutajwa mara kwa mara miongoni mwa machimbo yaliyofanikiwa kurejeshewa uhai.

Historia ya mahali hapo inamhusu mwananchi wa kawaida kwa sababu iliyo karibu naye. Katika sehemu nyingi za nchi, mawe yakishachimbwa shimo huachwa wazi, mvua ikinyesha hujaa maji, na kuanzia hapo huwa hatari kwa watoto na mifugo. Bamburi ni ushahidi kwamba shimo la namna hiyo linaweza kurejeshwa, na pia ni kielelezo cha gharama ya kazi yenyewe kwa muda, maarifa na uangalizi usiokoma.

Jiwe lililotoka baharini

Jiwe la Bamburi ni matumbawe. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, ukanda huo wa pwani ulikuwa mwamba wa matumbawe hai. Maji yaliposhuka, mwamba ulibaki nchi kavu ukawa jiwe la chokaa. Wakazi wa pwani walilifahamu jiwe hilo karne nyingi kabla ya saruji kuingia. Nyumba na misikiti ya mji wa kale wa Gedi ilijengwa kwa matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa iliyochomwa. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa aina hiyohiyo, na handaki lake limechongwa ndani ya jiwe lenyewe.

Kilichobadilika katika karne ya 20 ni kiasi. Kampuni ya Saruji ya Bamburi iliasisiwa na Felix Mandl mwaka 1951, na kiwanda kikaanza uzalishaji mwaka 1954. Saruji hula chokaa kwa wingi: jiwe husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi zipatazo 1,450 za Selsiasi, kisha husagwa tena. Ili kulisha tanuri hilo, mwamba ulivunjwa kwa baruti tabaka baada ya tabaka, hadi wachimbaji walipokaribia maji ya ardhini, ambayo kwa ujirani wa bahari yana chumvi.

Kilichobaki nyuma ya wachimbaji kilikuwa sakafu ya mwamba mtupu. Udongo wa juu ulikuwa umeondolewa pamoja na vichaka vyake, jiwe jeupe lilirudisha mwanga na joto la jua, na unyevu uliokuwapo chini ulikuwa wa maji ya chumvi. Hata nyasi hazikuota.

Aina 26 za miti

Mwaka 1971 kampuni ilimkabidhi kazi ya kuyarejesha machimbo hayo mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, René Haller. Kabla ya kujiunga na kampuni mwaka 1959, Haller alikuwa amefanya kazi katika shamba la kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huko Bamburi alisimamia bustani na mazao ya chakula.

Mashimo yalichimbwa katika sakafu ya timbo, na aina 26 za miti zikapandwa kwa majaribio. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mnazi, mti wa damasi wenye asili ya nchi za Pembe ya Afrika, na mvinje. Kati ya hizo, mvinje ndio uliobeba kazi kubwa.

Mvinje hauna asili ya Afrika. Nyumbani kwake ni Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, ingawa umepandwa pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu kiasi kwamba wajenzi wa pwani huutegemea kwa nguzo na boriti. Mti huo huvumilia chumvi na hukua haraka. Yale yanayoonekana kuwa majani yake membamba kama sindano ni vijitawi vya kijani. Majani yenyewe ni magamba madogo mno yaliyozunguka kila kifundo, na umbo hilo huuwezesha mti kupoteza maji kidogo sana kwa jua.

Siri yake nyingine imo mizizini. Katika vinundu vya mizizi huishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mti. Hivyo mvinje huweza kujipatia chakula mahali ambapo ardhi haina cha kuupa. Ila bakteria hao hawapatikani ndani ya jiwe lililovunjwa jana. Lazima wafike na udongo ulioletwa kutoka mahali pengine, jambo ambalo miradi mingi ya kupanda miti kwenye machimbo hulisahau, kisha lawama huangukia mche.

Kazi ya jongoo

Miaka michache baadaye timbo lilikuwa na kivuli, lakini lilikuwa bado halina udongo. Vijitawi vya mvinje vilidondoka mwaka mzima na kurundikana juu ya mwamba bila kuoza, kwa kuwa vina tanini nyingi, kemikali chungu ambayo bakteria na kuvu wengi hawaipendi. Msitu wa aina moja ya mti, uliosimama juu ya takataka kavu, usingefika mbali.

Ufumbuzi ulitoka kwa mdudu ambaye katika nyumba nyingi za pwani hufagiliwa nje kila masika. Haller aliona kuwa jongoo wenye miguu myekundu walikuwa wakila vijitawi hivyo vikavu. Mamia ya jongoo walikusanywa na kuachiwa chini ya mivinje. Jongoo hutafuna, na kinachotoka tumboni mwake kimesagika kiasi kwamba bakteria wanaweza kukimaliza. Kinyesi hicho, kikichanganyika na vumbi la matumbawe, kilianza kuwa mboji.

Pengine hii ndiyo sehemu ya historia ya Bamburi inayostahili kujulikana zaidi kuliko viboko na twiga wake. Bila jongoo pasingekuwa na mboji, na bila mboji miti ya asili ya misitu ya pwani isingepata mahali pa kushika. Ilipopandwa baadaye, chini ya kivuli cha mivinje na juu ya udongo uliokuwa haupo miaka kumi kabla, ilishika.

Wanyama na mtiririko wao

Baada ya udongo kulifuata malisho, na baada ya malisho wanyama walao majani. Pofu na choroa waliletwa, nao walifanya kazi ya kurutubisha ardhi kwa samadi na kuikanyaga mbegu hadi ikazama. Mahali ambapo uchimbaji ulikuwa umefika chini ya kina cha maji, mashimo yalifanywa mabwawa, na ufugaji wa samaki aina ya tilapia ukaanzishwa humo. Mamba, nyati, kuro, twiga na kobe wakubwa wa Aldabra kutoka Shelisheli wakaongezeka. Ndege kwa upande wao hawakungoja kuletwa. Kulasitara, mnandi na mdiria huyafuata maji yenye samaki popote yalipo.

Timbo lilifunguliwa kwa wananchi na watalii mwaka 1984. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilimwingiza Haller katika orodha yake ya heshima ya Global 500, na baadaye hifadhi ikapewa jina lake.

Umaarufu mkubwa zaidi ulikuja kwa njia isiyotazamiwa. Wimbi la tsunami la tarehe 26 Desemba 2004, lililovuka Bahari ya Hindi, lilimwacha ndama mmoja wa kiboko peke yake kwenye mwamba wa bahari karibu na Malindi. Siku iliyofuata wavuvi, wakazi na maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) walimnasa kwa nyavu, na akasafirishwa hadi Haller Park akiitwa Owen. Huko alijisogeza kwa kobe dume wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, aliyeitwa Mzee. Kobe alimkwepa kwanza, kisha akamzoea. Wakawa wanakula, wanaoga na kulala pamoja. Kiboko alipokua na uzito wake kuwa hatari kwa mwenzake, wawili hao walitenganishwa, na Owen akawekwa na kiboko jike.

Yasiyorudi

Si haki kulisifu timbo hili kupita kiasi. Mwamba wa matumbawe uliochukua maelfu ya miaka kujengeka umekwisha kuchomwa, na vichaka vya awali havikurudi vilivyokuwa. Wanyama wengi wakubwa waliomo waliletwa kwa mkono wa binadamu, wamo ndani ya uzio na baadhi hulishwa. Mivinje hupaswa kupunguzwa ili miti ya asili ipate mwanga. Zaidi ya hayo, hifadhi iliyoasisiwa na kiwanda hubaki karibu na hatima ya kiwanda. Umiliki wa kampuni umebadilika zaidi ya mara moja, na mwezi Desemba 2024 ulihamia kwa Amsons Group ya Tanzania.

Sheria inavyosema sasa

Kazi ya Bamburi ilipoanza mwaka 1971, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilikuwa haijatungwa. Sheria hiyo ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000, inaweka uchimbaji wa mawe, mchanga, kokoto na chokaa katika orodha ya miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Inaipa pia Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) uwezo wa kutoa amri ya urejeshaji, inayomtaka aliyeharibu ardhi airejeshe kadiri inavyowezekana katika hali yake ya awali. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inadai mpango wa kufunga mgodi na kurejesha eneo, pamoja na dhamana ya fedha ya kulinda mazingira, ili gharama isiachiwe wakazi mchimbaji anapoondoka.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Anayeona kuwa haki hiyo inavunjwa, iwe ni kwa timbo lililoachwa wazi au kwa sababu nyingine, anaweza kwenda mahakamani chini ya Kifungu cha 70, na hahitaji kuthibitisha kwamba mtu yeyote amekwisha kuumia au kupata hasara.