Mabenki ya Nigeria na Bei ya Mafuta

Kwa kuwa mafuta ghafi ndiyo yaiingizayo Nigeria sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni, hali ya mabenki ya nchi hiyo haiachi kufuata bei ya pipa katika masoko ya ng'ambo. Bei ipandapo, hazina ya serikali hujaa, amana huongezeka, na mabenki hukopesha kwa ukarimu, aghalabu wafanyi biashara wa mafuta wenyewe. Ishukapo, amana hutolewa, wadeni hushindwa kulipa, na naira hupungua thamani, hata aliyekopa kwa dola akakuta deni lake limekua ilhali hakuongeza hata kobo.

Pipa lililopita dola 140 mwezi wa Julai 2008 lilianguka chini ya dola 40 kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata Gavana wa Benki Kuu, Sanusi Lamido Sanusi, akawauzulu wakuu wa mabenki manane, na yaliyoelemewa yakatiliwa naira bilioni 620. Kwa insafu, lawama haikuwa ya mafuta peke yake, maana fedha nyingi zilikopeshwa kwa ajili ya kuchezea hisa, na wasimamizi walikuwa wakitazama tu. Mwaka 2010 liliundwa shirika la AMCON kununua madeni mabovu.

Bei ilianguka tena kuanzia katikati ya 2014, ikafika chini ya dola 30 Januari 2016. Skye Bank, ambayo uongozi wake uliondolewa Julai mwaka huo, ilifutiwa leseni Septemba 2018, na amana zake zikahamishiwa Polaris Bank.